Sura ya Mjumbe na Sandarusi ya Kusini

Lulindi iko katika nchi iliyo kati ya milima ya mawe ya Masasi na ukingo wa uwanda wa Makonde, na mtu apandaye kwenda Newala hauona ukingo huo umesimama mbele yake kama ukuta. Katika nchi yote hiyo hakuna taswira hata moja ya mtawala wa kale iliyochorwa kwa rangi za mafuta. Hapakuwa na jumba la kuitundika, wala mchoraji aliyelishwa na mfalme ili aichore. Wamakonde walikaa katika vijiji vidogo, kila kijiji na mkuu wake, ukoo ukifuata upande wa mama, na hapakuwa na mtu mmoja aliyeweza kuamuru uwanda mzima. Wako waandishi waliouona ukosefu huu wa wafalme wakauita ukosefu wa historia. Hukumu hiyo ina haraka mno. Taswira ya mkubwa haizaliwi na ustadi wa mkono peke yake. Huzaliwa na baraza na hazina, na haja ya mtu kuonekana mahali asipokuwapo. Palipokosekana baraza, taswira ya namna hiyo isingeweza kuwapo. Lakini mali na jasho la watu vilikuwapo, na vilisafiri mbali mno kuliko wenyewe walivyojua.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kwanza kutazama taswira ya kibaraza katika nchi iliyoikuza kuliko nchi zote, yaani Italia ya karne ya 16. Nchi hiyo wakati ule haikuwa dola moja. Ilikuwa miji na milki nyingi zilizooneana wivu, na kila mtawala alitaka sura yake ijulikane kwa majirani. Cosimo wa ukoo wa Medici, aliyetawala Florence, alichorwa na Bronzino akiwa amevaa deraya, na taswira hiyo ikanakiliwa mara nyingi ikapelekwa kwa marafiki na kwa wale ambao urafiki wao ulikuwa wa mashaka. Sura ilikuwa barua. Aliyeipokea alisoma ndani yake nguvu, mali, na subira ya mtu asiyecheka ovyo.

Mfano ulio bora zaidi, na wa mwisho mwisho wa zama zile, ni taswira ya Francesco Maria della Rovere, mwana wa mtawala wa Urbino, iliyochorwa na Federico Barocci yapata mwaka 1572. Kijana huyo alizaliwa mwaka 1549. Tarehe 7 Oktoba 1571 alikuwamo katika vita vya baharini vya Lepanto, ambamo merikebu za Wakristo ziliwashinda Waturuki wa Dola ya Uthmani. Hakuwa jemadari wa vita hivyo. Alikuwa mmoja wa vijana wengi wa nyumba kubwa waliokwenda kutafuta sifa. Lakini Barocci amemsimamisha katika deraya iliyonakshiwa, mkono mmoja umetulia juu ya kofia ya chuma, na uso unamtazama mtazamaji bila kiburi kikubwa na bila woga. Mtu asiyejua habari hudhani kwamba huyu ndiye aliyeshinda. Kazi ya taswira ya kibaraza ndiyo hiyo: haisemi uongo waziwazi, bali huchagua ukweli mmoja ikaumulika, na mwingine ikauacha gizani.

Francesco Maria alirithi utawala mwaka 1574, akafa mwaka 1631 bila mrithi wa kiume aliye hai, na milki yake ikaingia mikononi mwa Papa. Picha nyingi za nyumba ile zikachukuliwa hadi Florence pamoja na mjukuu wake, Vittoria, aliyeolewa na mtawala wa ukoo wa Medici. Taswira ya kijana wa Lepanto imebaki huko hata leo. Dola yake imetoweka, na uso wake ungali kijana.

Sasa, baraza lililokuwa karibu zaidi na uwanda wa Makonde katika karne ya 19 lilikuwa Unguja. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani, alivutwa na utajiri wa Pwani ya Afrika, na kufikia mwaka 1840 makao yake makubwa yalikuwa Unguja na si Maskati tena. Mkono wake katika bara haukuwa mkono wa serikali kama zijulikanavyo leo. Ulikuwa mkono wa forodha. Lindi na Mikindani zilikuwa milango, na kwa milango hiyo zilitoka pembe, nta, sandarusi, na watu waliofungwa minyororo. Katika nchi za Masasi na Newala watu walimjua Seyyid kwa bei ya vitu kuliko walivyomjua kwa sheria yake.

Mwaka 1833, tarehe 21 Septemba, Seyyid Said aliandikiana mkataba wa urafiki na biashara na Marekani, mbele ya mjumbe wao aitwaye Edmund Roberts. Mwaka 1837 balozi mdogo wa Marekani, Richard Waters, mtu wa Salem katika jimbo la Massachusetts, akafika kukaa Unguja. Wafanyabiashara wa Salem walikuwa wameizoea bandari ile kabla ya hapo. Walileta nguo wakachukua pembe na sandarusi. Seyyid, aliyekuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa mfalme katika mambo mengi, akaona hakuna sababu ya faida ya njia ile kubaki katika merikebu za watu wengine. Akaitoa merikebu yake mwenyewe, Sultana, akaipakia bidhaa, akaikabidhi kwa mwandishi wake Ahmad bin Na'aman.

Sultana ilitia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840. Shehena yake imehifadhiwa katika maandishi, na orodha hiyo inasomeka kama ramani ya himaya ya Seyyid. Upande wa Uarabuni na Uajemi zilitoka gunia 1,300 za tende, marobota 21 ya mazulia ya sufi, na marobota 100 ya kahawa ya Mokha. Upande wa Unguja zilitoka pembe 108 za ndovu, makasha 81 ya sandarusi, magunia 135 ya karafuu, na ngozi kavu 1,000 zilizotiwa chumvi. Karafuu zilikuwa za visiwani. Pembe na sandarusi zilikuwa za bara.

Watu wa New York walimiminika bandarini kumtazama mgeni. Walikuwa hawajapata kuona mjumbe Mwarabu katika mji wao, na Ahmad bin Na'aman huhesabiwa kuwa wa kwanza wa taifa lake kufika Marekani kwa kazi ya namna hiyo. Alikuwa na zawadi kwa Rais Martin Van Buren: farasi wawili wa Kiarabu, lulu, shali, mafuta ya waridi, zulia, na upanga uliopambwa kwa dhahabu. Hapo likazuka jambo ambalo baraza la Unguja lisingeweza kulitazamia. Katiba ya Marekani inakataza mtumishi wa serikali kupokea zawadi ya mfalme wa kigeni bila idhini ya Bunge. Kwa desturi ya Pwani, kukataa zawadi ni kumtukana mtoaji. Kwa sheria ya Marekani, kuipokea kulikuwa kosa. Bunge likashauriana, zawadi zikapokewa kwa jina la taifa, na farasi wakauzwa fedha zikaingia katika hazina. Kadhalika serikali ikaitengeneza Sultana katika karakana ya jeshi la maji la Brooklyn kwa gharama yake yenyewe, kwa kuwa safari ndefu ya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema ilikuwa imeichosha. Nchi mbili zilizotofautiana kabisa katika adabu zikatafuta njia ya kutovunjiana heshima, na zote mbili zastahili sifa.

Katika miezi hiyo ndipo ilipochorwa taswira. Baraza la mji wa New York liliagiza mchoraji Edward Mooney, kijana aliyezaliwa mwaka 1813, amchore mjumbe. Nakala moja ya picha hiyo ya rangi za mafuta imo katika makumbusho ya Salem, yaitwayo leo Peabody Essex. Mtazamaji humwona mtu mzima mwenye kilemba na ndevu, ametulia, na macho yake hayana mshangao wowote wa mtu aliye ugenini. Uzuri wa picha hii hauko katika rangi. Mooney hakuwa Barocci, na haifai kumpandisha cheo kwa ajili ya mapenzi ya jambo lenyewe. Uzuri wake umo katika utulivu wa aliyechorwa, ambao mchoraji alikuwa na busara ya kutouharibu.

Lakini tofauti moja na taswira za Italia ni kubwa. Francesco Maria alichorwa na mtu wa nyumbani kwao, na taswira ikatundikwa kwao. Ahmad bin Na'aman alichorwa na wenyeji wake, kwa fedha za wenyeji wake, na picha ikabaki kwao. Cosimo alituma uso wake nje ili umtangulie. Uso wa Ahmad uliwekwa nje ili uwakumbushe watu wa New York fahari ya kutembelewa. Aliyelipa ndiye aliyejichorea kumbukumbu. Hata hivyo, isisemwe kwamba Ahmad alikuwa kama kitu kilichookotwa. Mtu aliyekaa mbele ya mchoraji, kwa saa nyingi na siku zaidi ya moja, ana neno lake katika picha: huchagua namna ya kukaa, nguo ya kuvaa, na kiasi cha nafsi yake atakachokionyesha. Katika uso ule neno la Ahmad linasikika, nalo ni neno la mtu aliyetumwa na mkubwa naye anajua kwamba ametumwa na mkubwa.

Tarehe 9 Agosti 1840 Sultana iling'oa nanga ikarudi. Ilichukua nguo, shanga na baruti miongoni mwa mengine. Nguo ile nyeupe isiyopaushwa vizuri, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, ndiyo iliyopata jina la merikani, na jina hilo likaingia bara pamoja na robota hata likawa neno la kila siku katika vijiji ambavyo watu wake hawakuwa na habari ya kuwapo kwa Marekani. Huko kusini ilikuwa nguo, sanda, mahari na fedha.

Yarudiwe makasha 81 ya sandarusi, maana ndani yake mna habari ambayo picha ya Mooney haiionyeshi ingawa huenda inang'aa kwa sababu yake. Sandarusi ni utomvu wa mti wa msandarusi uotao katika misitu ya Pwani. Utomvu ukidondoka huzama mchangani, mti hufa, mwingine huota na kufa, na baada ya miaka mingi utomvu huo umekuwa mgumu kama jiwe, wenye rangi ya asali. Hapo huchimbwa kwa jembe na kwa mkono. Ule uliotoka mtini karibuni, ambao bado ni laini, huitwa chakazi, nao una thamani ndogo. Richard Burton, aliyepita Pwani miaka ya 1857 hadi 1859, ameeleza jinsi wafanyabiashara wa Kizungu walivyolisikia vibaya neno hilo wakaligeuza kuwa jina la punda katika lugha yao, na bidhaa ikauzwa kwa jina hilo katika masoko ya Ulaya. Sandarusi ya kweli ina ngozi yenye vipele, kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa, nayo haionekani vizuri mpaka isafishwe. Kwa miaka mingi kazi ya kuisafisha ilifanywa Salem, katika kiwanda cha Jonathan Whipple, kwa maji ya magadi. Ikisafishwa huyeyushwa kwa moto mkali, ikachanganywa na mafuta ya kitani na tapentaini, ikawa vanishi. Vanishi hiyo ilipakwa juu ya magari ya farasi, juu ya viti na kabati, na juu ya picha za rangi za mafuta ili rangi zikolee na uso uliochorwa upate uhai.

Neno lenyewe limesafiri. Wagiriki walikuwa na neno sandarake, Waarabu wakasema sandarus, na Waswahili sandarusi. Waitaliano wa zama za Bronzino na kabla yake walitengeneza vanishi kwa utomvu wenye jina la asili hiyo hiyo, ingawa wao waliupata kwa mti mwingine uotao Afrika ya Kaskazini. Hivyo katika karne ya 16 na katika karne ya 19 pia, mng'ao wa sura za wakubwa ulitafutwa katika utomvu wa miti ya Afrika, na Mswahili alipoitaja bidhaa yake alitamka neno ambalo fundi wa Italia angalilitambua.

Wamakonde wa uwandani walikuwa miongoni mwa waliochimba na kuteremsha sandarusi hadi bandari za Lindi na Mikindani, na baadaye utomvu wa mpira ukafuata njia hiyo hiyo. Mchimbaji alipokea merikani au shanga, akarudi juu. Uwanda ule una vichaka vizito na maji yake yako mbali, chini mabondeni. Watu walikaa huko kwa kuwa adui hakupenda kuwafuata. Wangwangwara waliishambulia Masasi mwaka 1882, miaka 6 tu tangu Askofu Edward Steere alipowaweka pale watu waliokombolewa utumwani. Nchi iliyoishi katika hofu ya namna hiyo haikai kujichora.

Wala isidhaniwe kwamba mafundi wa uwandani hawakujua kutengeneza uso. Walijua sana. Vinyago vya Wamakonde, vivaliwavyo na wachezaji katika sherehe za jando na unyago, vilichongwa kwa mti mwepesi, vikatiwa nywele za kweli, na chale za usoni zikafuatishwa kwa nta mstari kwa mstari. Ni nyuso hai. Lakini kazi yake ni kinyume cha kazi ya taswira ya kibaraza. Mkubwa wa Urbino alikaa mbele ya Barocci ili ajulikane. Mchezaji wa Kimakonde huvaa kinyago ili asijulikane, na kijiji kimpokee kama mgeni aliyetoka kwa wafu. Uso ule haukuwa wa mtu, ulikuwa wa wote, na baada ya ngoma ulifichwa.

Nyuso za watu wenyewe zilikuja kuchukuliwa mwaka 1906, si kwa brashi bali kwa kamera. Karl Weule, msomi wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi, Chingulungulu na Newala katika mwaka huo, moto wa vita vya Maji Maji ukiwa bado haujapoa. Misheni ya Masasi ilikuwa imechomwa mwaka 1905. Alisafiri na askari, na kamera yake ilifunguliwa mbele ya watu waliokwisha kuona askari hufanya nini. Miongoni mwa aliowapiga picha ni Matola, mkuu wa Wayao wa Chingulungulu, mrithi wa yule Matola wa kwanza wa Newala aliyewakaribisha wamisionari. Picha hiyo ndiyo iliyo karibu kabisa na taswira ya kibaraza katika historia ya upande huu, na Weule aliichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1908 ikiwa na jina la Matola chini yake. Wengine hawakupata jina. Chini ya nyuso zao imeandikwa tu ya kwamba huyu ni mwanamke wa Kimakua, hawa ni wanawake wa Kimakonde, yule ni Myao. Weule alikuwa na bidii na alipenda kweli mambo aliyoyaona, lakini katika daftari lake jina lilikuwa haki ya mkubwa, na kabila lilitosha kwa mdogo. Barocci naye asingalifanya vingine. Tofauti ni kwamba Barocci hakujidai kuandika habari za watu wote.

Hata hivyo kitabu hicho kina kitu kingine. Weule aliwapa wapagazi na wenyeji kalamu na karatasi, akawaomba wachore walichopenda. Nyampara wake, Pesa Mbili, akachora msafara wao ulio njiani: mstari wa watu, mizigo vichwani, na Mzungu mmoja kati yao, naye hakupewa ukubwa uliozidi wa wenzake. Mchoro huo ulichapishwa Leipzig pamoja na jina la aliyeuchora.